Shajara ya mradi: kuifufua draiva ya tl kwenye FreeBSD 13, na kama ilistahili kubaki

Shajara hii ni ya yeyote mwenye kompyuta za zamani ambazo mfumo umeacha kuzitambua kadi zake za mtandao. Maabara ninayoitunza ipo kwenye shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Ina mashine tisa za Pentium III zilizokuja kama msaada, RAM megabaiti 256 hadi 512, na zote zinaendesha FreeBSD, mfumo endeshi huria. Wanafunzi wanachapa kazi zao na kusoma Wikipedia iliyohifadhiwa kwa Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti, kwenye seva iliyomo chumba hichohicho. Intaneti si lazima. Mtandao wa ndani ukikata, maabara imefungwa.

Kadi zote tisa ni Compaq Netelligent 10/100 TX, zenye chipu ya ThunderLAN ya Texas Instruments. Draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi, kwenye FreeBSD iliitwa tl.

Jumamosi, 16 Julai 2022: mashine ya kwanza

Nimepandisha mashine moja kutoka FreeBSD 12.3 hadi 13.1. Hatua za freebsd-update zimekwenda sawa, nimewasha upya, na mashine imeamka bila mtandao. Amri ya ifconfig inaonyesha lo0 peke yake, yaani njia ya mashine kuongea na nafsi yake. Nikadhani kadi imelegea. Nimeichomoa, nikaifuta meno kwa kifutio, nikairudisha. Hali ileile. Nikaihamishia kwenye tundu jingine la PCI. Bado.

Saa nzima imepotea kabla ya kuuliza swali lililo sahihi. Amri ya pciconf -lv ilikuwa na jibu tangu mwanzo: kadi inaonekana, namba zake 0x0e11 na 0xae32 zipo, lakini imeandikwa none0. Maana yake mfumo umeiona na hauna draiva ya kuiendesha. Anayefuata njia hii aanze na amri hiyo kabla ya kushika bisibisi.

Sababu nimeipata jioni. Mwaka 2018 jamii ya FreeBSD ilipitisha pendekezo namba 101, la kuondoa draiva nyingi za kadi za Ethaneti za megabiti 10 na 100 ambazo watumiaji wake walionekana wachache mno. Draiva zenyewe ziliondolewa kwenye tawi kuu Mei 2019, na 13.0 ilipotoka Aprili 2021 hazikuwemo. Pamoja na tl ziliondoka ed, iliyohudumia kadi za jamii ya NE2000, na pia de, ep, vx, wb na nyingine. Zilizobaki ni zile zilizokuwa na watu: rl ya RealTek 8139 ambayo imejaa kila duka la mitumba ya kompyuta, fxp ya Intel, xl ya 3Com, halafu vr na sis ambazo ndizo zinazoendesha bodi ndogo za ruta kama ALIX na Soekris.

Nilikuwa na nakala za kumbukumbu za mashine hizi tangu zilipokuwa kwenye 12. Nimezifungua. Kila mashine ilipowashwa, mstari mmoja ulikuwa unaandikwa kwamba draiva ya tl0 itaondolewa kwenye FreeBSD 13. Kila asubuhi ya shule, mashine tisa, na hakuna mtu aliyeusoma. Hili limeniuma kuliko kukatika kwa mtandao wenyewe.

Gharama hadi leo: nauli shilingi 3,000.

Jumamosi, 23 Julai 2022: njia zilizopo

Mashine niliyoipandisha nimeirudisha 12.3 ili wanafunzi waendelee. Kisha nimekaa na Mwalimu Mkuu ofisini kwake. Aliuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: "Fundi, kama 12 inafanya kazi, kwa nini usiiache hivyohivyo?" Nikamweleza kwamba tawi la 12 linaelekea ukingoni, vifurushi vyake vitaacha kutengenezwa, na tundu la usalama likionekana halitazibwa. Akasema sawa mwanangu, lakini shule haina pesa ya kompyuta mpya.

Njia nilizozipima ni hizi. Kununua kadi tisa za PCI: hapa Tanga sikupata hata moja. Kariakoo rafiki yangu amezunguka siku nzima akapata nne za RTL8139, kila moja 15,000. Nimezinunua, kwa hiyo mashine nne zimepona bila kuandika mstari wowote wa msimbo. Zimebaki tano.

Kuhama mfumo: NetBSD na OpenBSD bado zinayo draiva ya tl, na Linux inayo ya kwake iitwayo tlan. Kama ungekuwa na mashine moja au mbili, hamia huko, usisome zaidi. Mimi nina skripti za miaka minne, mfumo mmoja ninaounakili kwenye mashine zote, na mwalimu wa TEHAMA niliyemfundisha amri za FreeBSD moja baada ya nyingine. Kuwa na mifumo miwili kwenye chumba kimoja ni kumtwisha yeye mzigo wangu.

Njia ya tatu ni kuitoa draiva kwenye msimbo wa 12 na kuikompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kama moduli ya 13, yaani kipande kinachopakiwa kwenye kerneli, kiini cha mfumo. Nimechagua hiyo.

Gharama: kadi 60,000, nauli 3,000. Jumla 66,000.

Jumamosi, 6 Agosti 2022: kukompaili

Kosa la kwanza ni kutaka kukompaili kwenye Pentium III yenyewe. Niliiacha usiku kucha, umeme ukakatika saa nane, asubuhi nikaanza upya. Usifanye hivyo. Laptopu yoyote ya biti 64 yenye FreeBSD inaweza kuzitengenezea mashine za i386, yaani za biti 32 kama hizi: jenga kwanza kernel-toolchain kwa TARGET=i386, kisha buildkernel na MODULES_OVERRIDE=tl ili isijenge moduli nyingine zote. Kwangu moduli yenyewe inachukua dakika chache.

Faili zenyewe ni if_tl.c na if_tlreg.h, zilizokuwa kwenye sys/dev/tl. Draiva iliandikwa na Bill Paul, ambaye aliandika pia rl, xl na nyingine nyingi za kizazi kile, na maelezo aliyoyaweka ndani ya msimbo ni shule kamili. Anaeleza chipu inavyopanga orodha za pakiti, inavyoomba kikatizo (ishara ya kuitaka kompyuta iishughulikie kadi) na inavyotaka kujibiwa. Ukitaka kujifunza draiva ya mtandao inavyofanya kazi, soma faili hiyo hata kama huna kadi.

Kompaila iligoma sehemu moja ya maana: if_maddr_rlock haipo tena. Zamani draiva ilikuwa inashika kufuli, inapita yenyewe kwenye orodha ya anwani za multikasti (pakiti zinazotumwa kwa kundi la mashine), kisha inaachia. Oktoba 2019 utaratibu ulibadilishwa. Sasa draiva inaita if_foreach_llmaddr na kuikabidhi kitendakazi kidogo, na kerneli ndiyo inayokiita mara moja kwa kila anwani. Draiva zote zilizokuwa ndani ya mfumo zilihaririwa wakati huo. Draiva ya tl ilikuwa imeshaondoka miezi mitano kabla, ikakosa.

Nimeandika kitendakazi hicho, mistari kama kumi na tano. Imekompaili bila onyo. Moduli imepakiwa, tl0 imeonekana, taa ya kijani imewaka kwenye swichi. Niliondoka pale nikiamini kazi imeisha.

Gharama: bando la kupakua msimbo 20,000, nauli 6,000. Jumla 92,000.

Jumamosi, 20 Agosti 2022: wiki mbili za tcpdump

Kazi haikuwa imeisha. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoomba isomwe polepole.

Mashine ilikuwa inapata mtandao kwa sekunde chache baada ya kuwashwa, halafu kimya. Ping haijibiwi. Kwenye seva niliona maombi ya ARP, ya kuuliza anwani ya kadi ya seva, yanafika na seva inayajibu, lakini mashine inauliza tena na tena kama kiziwi. Nikafungua tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye mashine yenyewe nione kinachoingia. Papo hapo ping ikaanza kujibiwa. Nikafunga tcpdump, ikakata. Nikaifungua, ikarudi.

Kwa siku kadhaa nilishuku vikatizo, nikidhani tcpdump inaiamsha kadi kwa njia fulani. Nilijaza msimbo mistari ya kuchapisha kila kikatizo, nikahesabu, nikalinganisha. Hakuna kilichopotea. Na kila jaribio lilikuwa safari ya kwenda shuleni, kwa sababu QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, haiigizi ThunderLAN. Inaigiza RTL8139, NE2000, PCnet na nyingine, na mwenye moja kati ya hizo anaweza kupima draiva akiwa kitandani. Mimi nilipaswa kuwa na kadi mbele yangu.

Jibu lilitoka kwenye kujiuliza tcpdump inabadilisha nini hasa. Inaiweka kadi kwenye hali ya kupokea kila pakiti bila kuchuja. Kwa hiyo tatizo lipo kwenye kichujio. ThunderLAN ina nafasi nne za kichujio kamili. Nafasi ya 0 ni ya anwani ya kadi yenyewe. Nafasi ya 1 hadi ya 3 ni za makundi matatu ya kwanza ya multikasti, na makundi yakizidi yanaingia kwenye jedwali la heshi. Msimbo wa zamani ulikuwa unaanza kuhesabu kwenye 1. Kitendakazi changu kilikuwa kinatumia hesabu inayoletwa na kerneli, nayo inaanza kwenye 0.

Hivyo mashine ilipojiunga na kundi lake la kwanza la multikasti, jambo ambalo hutokea lenyewe sekunde chache baada ya kuwashwa, niliifuta anwani ya kadi na kuandika ya kundi mahali pake. Kuanzia hapo kadi haikujijua. Tangazo la wote ilikuwa inalisikia, lakini pakiti iliyoandikwa jina lake ilikuwa inaitupa.

Marekebisho ni kuongeza moja:

tl_setfilt(sc, LLADDR(sdl), cnt + 1);

Na sharti la kuingia kwenye kichujio kamili badala ya heshi libadilike kutoka cnt < 4 kuwa cnt < 3. Wiki mbili kwa herufi tatu.

Gharama: nauli 15,000. Jumla 107,000.

Jumamosi, 3 Septemba 2022: mbili juu ya moja

Mashine inafanya kazi lakini picha za Wikipedia zinafunguka kwa kusuasua. Kumbe kiungo kipo megabiti 10, si 100. Kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, niliona vipande viwili vya tabaka la chini: nsphy, ambayo ndiyo ya megabiti 100 iliyo nje ya chipu, na ukphy kwenye anwani ya 31. Hiyo ya 31 ni sehemu ya megabiti 10 iliyojengwa ndani ya ThunderLAN yenyewe. Zamani ilikuwa na draiva yake ndogo, tlphy, iliyojua kukaa kando pale mwenzake anapokuwapo. Nayo haikuwemo kwenye 13. Draiva ya jumla iliyoishika badala yake haikujua adabu hiyo, zikawa zinagombania waya. Nimeichukua tlphy.c kutoka 12 na kuiingiza kwenye moduli ileile. Kiungo kikapanda hadi 100.

Kikapanda, na makosa yakaanza. Safu ya Ierrs (makosa ya kupokea) kwenye netstat -i ilikuwa inakimbia kama mita ya maji. Bila shaka nililaumu tlphy, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho nilichokigusa. Nimepoteza siku nne humo.

Waya ndio ulikuwa mbovu. Niliubana mwenyewe Agosti kwa ajili ya meza ya majaribio, jioni, taa ikiwa hafifu. Niliupima kwa kipima-waya na taa zote nane ziliwaka kwa mpangilio. Ila nilipoitazama plagi kwa kioo cha kukuzia, niliona kijani imekaa pembeni ya kijani-nyeupe, kwenye tundu la 3 na la 4. Inapotakiwa ni la 3 na la 6, bluu na bluu-nyeupe zikiwa katikati yake. Ncha zote mbili nilizibana kwa kosa hilohilo, ndiyo maana kipima-waya hakikuona kitu: umeme unapita, lakini nyuzi mbili zinazobeba ishara moja hazijasokotwa pamoja. Kwa megabiti 10 ulivumilia. Kwa 100 ukashindwa. Na kwa sababu hitilafu ya tlphy ilikuwa imenishikilia kwenye 10, ubovu wa waya ulijificha nyuma yake mwezi mzima.

Nimebana plagi mpya. Makosa: sifuri baada ya saa sita za kunakili faili mfululizo. Mashine zote tano zimepandishwa 13.1.

Gharama: waya na plagi 8,000, nauli 15,000. Jumla ya mradi 130,000. Ukitoa kadi nne za RTL8139, draiva yenyewe imenigharimu 70,000 kwa mashine tano. Kadi tano zingekuwa 75,000, kama zingepatikana. Usiku wangu sijauhesabu.

Jumamosi, 14 Januari 2023: je, nidai irudishwe?

Tangu Septemba mashine tano zimetembea bila kuguswa. Wenzangu wawili wananihimiza niiombe FreeBSD iirudishe tl, kwa hoja kwamba sasa inakompaili na ina mtu anayeitumia. Nimelifikiria jambo hili likizo nzima, na nimebadilisha msimamo niliokuwa nao Julai.

Julai niliona ni uonevu. Msimbo upo, umekaa kimya, hauli chakula cha mtu. Kwa nini uondolewe? Sasa nimeubeba miezi sita na najua unakula nini. Lile badiliko la Oktoba 2019 la orodha za multikasti lilihitaji kugusa draiva za mtandao zote, moja baada ya moja, na aliyezigusa hawezi kuwa na kadi za zote mezani. Kama tl ingekuwa bado ndani, ingehaririwa pamoja na wenzake na mtu asiye na Netelligent, kwa kusoma tu. Mimi niliye nayo mkononi nilikosea kati ya 0 na 1, na kompaila haikusema neno. Asiye nayo angeweza kukosea vilevile, na hitilafu hiyo ingetoka ndani ya 13.0 ikiwa na jina la draiva inayotegemewa. Mashine zangu zingeona tl0, taa ya kijani ingewaka, na mtandao usingekuwepo. Ningetafuta mwezi mzima kabla ya kushuku kitu ambacho mfumo wenyewe unadai unakihudumia. Neno none0 liliniambia ukweli ndani ya saa moja.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kwa walichokuwa wanakijua 2019, waliamua sawa. Draiva isiyo na mtu wa kuipima haihudumiwi hata ikiwa ndani. Linux imepita njia hiyohiyo kwa teknolojia za zamani za mtandao: Token Ring iliondoka 2012, IPX 2018, na 6.1 iliyotoka mwezi uliopita imeiondoa DECnet. Kuna pia suala la usalama. Hitilafu kwenye msimbo ambao hakuna anayeutumia lazima bado isomwe na izibwe na mtu, na mtu huyo ameacha kazi nyingine.

Ninachokataa ni wazo kwamba hatukuwepo. Tulikuwepo, mashine tisa, na sina shaka zipo maabara nyingine kama hii, maana kompyuta zinazotupwa Ulaya hazifi siku zinapotupwa, zinakuja huku. Tatizo ni kwamba hatukusema. Waliuliza nani anatumia kadi hizi, wakasubiri, na draiva zilizotetewa na watu wake zilibaki. Mimi sikujibu kwa sababu sikujua kwamba nimeulizwa, na nilikuwa nimeulizwa kila asubuhi kwenye skrini.

Sitaomba irudishwe. Kuomba ni kuahidi kwamba nitaipima kila toleo, na siwezi kuahidi kwa niaba ya mashine zenye umri wa miaka zaidi ya ishirini.

Jumamosi, 6 Mei 2023: moduli imekataliwa

Fupi, lakini itakuokoa. 13.2 ilitoka Aprili. Nilipandisha laptopu kwanza, nikakompaili moduli upya, nikainakili kwenye mashine ambazo bado zipo 13.1. Zote tano zikaikataa: zinasema moduli inategemea kerneli isiyopatikana au toleo halilingani. Moduli iliyojengwa kwenye toleo jipya haipandi kwenye kerneli ya zamani. Kinyume chake kinakubalika ndani ya tawi moja: iliyojengwa 13.1 inapakiwa vizuri kwenye 13.2. Basi jenga kwenye toleo la chini kabisa ulilonalo. Mwalimu wa TEHAMA ndiye aliyenipigia simu, darasa likiwa limekaa. Nilimwelekeza kwa simu airudishe moduli ya zamani kutoka kwenye flashi, akaifanya kwa dakika saba.

Gharama: hakuna.

Jumamosi, 2 Desemba 2023: 14.0

14.0 imetoka siku kumi na mbili zilizopita na tawi la 12 linafungwa mwisho wa mwezi huu. Nimejaribu kuikompaili tl kwa 14. Kurasa za makosa. DRIVER_MODULE imepunguzwa hoja moja, hiyo ni rahisi. Kubwa ni kwamba draiva hairuhusiwi tena kuchungulia ndani ya struct ifnet, muundo ambamo kerneli inaweka taarifa za kila kadi. Kila penye ifp->if_softc lazima pawe if_getsoftc(ifp), na vivyo hivyo kwa bendera, foleni, takwimu na kila kitu. Nimehesabu zaidi ya sehemu tisini kwenye faili moja.

Badiliko lenyewe ni zuri. Litawaruhusu kugeuza mambo ya ndani bila kuvunja draiva kila mara. Lakini waliolifanya walipita kwenye draiva zote zilizobaki ndani, na nilipoanza ya kwanza, ya pili, ya kumi, nilielewa kwa mikono kile nilichokiandika Januari. Nimefanya thelathini na nne nikasimama.

Jumamosi, 17 Februari 2024: uamuzi

Kati ya mashine tano za tl, mbili zimekufa pawasaplai. Zimebaki tatu. FreeBSD wameshatangaza kwamba 15 haitakuwa na i386, kwa hiyo hata tl ingekuwepo, mashine hizi zingeishia 14.

Nimepata kadi tatu za RTL8139 zilizotumika, 12,000 kila moja, jumla 36,000. Leo nimezifunga. Mashine zote saba sasa zinatumia draiva iliyomo ndani ya mfumo, na hakuna moduli ya pembeni ya kukumbuka. Gharama ya mradi tangu mwanzo ni 172,000, ikiwa na nauli za leo na za Desemba.

Nimeongeza skripti ndogo kwenye seva. Kila Jumatatu inaingia kwenye kila mashine, inasoma dmesg, na ikikuta mstari wenye neno Deprecated inautuma kwenye barua pepe yangu na ya mwalimu wa TEHAMA. Nimemwonyesha mstari huo unafananaje kwa kuwasha diski ya zamani ya 12.3. Tukikuta mwingine, tutaandika siku hiyohiyo, tukitaja kadi gani, mashine ngapi, na kwamba tuko tayari kupima.

Kiraka cha 13 kimekamilika na kinafanya kazi. Kile cha 14 kimefika sehemu ya thelathini na nne, na nimeweka alama nilipoishia. Kadi tano za Netelligent ziko kwenye mfuko kabatini, pamoja na ule waya niliokosea kupanga nyuzi zake za kijani. Anayetaka kuendelea kutoka hapo aje achukue kadi mbili, moja ya kupimia na moja ya akiba, kwa sababu bila kadi mkononi hatajua kama amekosea.